Vitambulisho vya kudumu: kila faili au seti nzima?

Mvua_Dom
Wakuu, habari za saa hizi. Seva yetu hapa Dodoma ina mafaili kama 6,000: vipimo vya mvua, majedwali ya mtama, picha za zabibu. Folda ikihamishwa tu, viungo vilivyo kwenye ripoti vinakufa. Kila faili tulipatie DOI, kile kitambulisho cha kudumu cha mtandaoni? Na kitambulisho kikiwa MTAMA-HOMBOLO-2019-01 kuna ubaya?

Kizota_7
Ubaya upo, mkuu. Siku ikigundulika ule ulikuwa uwele, au shamba lilikuwa Kongwa, kitambulisho kitasema uongo na hukigusi tena. Kiwe herufi na namba zisizo na maana. Maelezo yakae kwenye metadata, yaani taarifa zinazoelezea faili. Programu ya kutengeneza vitambulisho ya Noid, inayotumiwa sana na watu wa ARK (aina nyingine ya kitambulisho cha kudumu), ina alama 29 tu: tarakimu na konsonanti, bila irabu, l wala y. Bila irabu hata tusi la Kiswahili halijiandiki kwa bahati mbaya 😄. Washa na alama ya uhakiki mwishoni, inakamata herufi moja iliyokosewa mtu anaponakili kutoka karatasini.

Mtunza_Data
DOI ipe seti nzima. DataCite, shirika linalosajili DOI za data, inadai kila DOI iwe na muundaji, kichwa, mchapishaji, mwaka na aina, na ikishafikia hali ya Findable (inayotafutika hadharani) haifutiki. Uyajaze hayo kwa picha 6,000 za zabibu? Mafaili yape ARK, namba ya taasisi inatolewa bure.

Kazi yenyewe ni jedwali: kitambulisho, mahali faili lilipo leo, SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya faili), toleo. Kiungo kinaenda kwenye seva ya kuelekeza, nayo inasoma jedwali. Folda ikihama, unasahihisha safu ya mahali, basi. SHA-256 isiwe ndiyo kitambulisho: ukirekebisha koma moja kwenye CSV, unapata nyingine kabisa. Hiyo ni ya kukuonyesha faili limeharibika au la.

Mkitumia DSpace, programu ya hifadhi ya kidijitali, badilini kiambishi cha Handle (mfumo wake wa vitambulisho) 123456789 kabla ya kupakia chochote. Hicho ni cha mfano tu, hakifunguki nje ya seva yenu.

Mvua_Dom
Asanteni. Na faili likisahihishwa, au likifutwa?

Mtunza_Data
Likisahihishwa, kitambulisho kipya, na metadata iseme ni toleo jipya la lipi. Likifutwa, kiungo kifungue ukurasa unaoeleza liliondolewa lini na kwa nini.

Kizota_7
Na kikoa (jina la tovuti) cha viungo kisiwe cha mradi. Ufadhili ukiisha, ada ya mwaka hailipwi, viungo vyote 6,000 vinazimika siku moja.