Mjadala: Sicario ya pili iliuawa na uamuzi wa kumwacha Kate nje

Wadau wa filamu, naweka hoja yangu mezani na niko tayari kuitetea. Sicario: Day of the Soldado, ile ya 2018 kuhusu vita vya dawa za kulevya kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, haikuangushwa na mapigano yake wala na waigizaji wake. Iliangushwa pale walipoamua kuendelea bila Kate Macer, mpelelezi wa FBI wa filamu ya kwanza. Hoja ya upande wa pili naijua, maana inarudiwa kila filamu hii ikitajwa: eti Kate alikuwa mzigo, mpelelezi asiyeelewa kinachoendelea, kazi yake kuuliza maswali huku wanaume wanapiga kazi. Kwa hiyo kumtoa na kubaki na Alejandro, muuaji anayetumiwa na Wamarekani, na Matt Graver, afisa wa ujasusi wa CIA, ni kuwapa watazamaji kile hasa walichokifuata. Nakataa.

Turudi kwanza kwenye ile ya 2015, Sicario yenyewe, iliyoongozwa na Denis Villeneuve. Kumbukeni foleni ya mpakani. Msafara wa magari meusi umemchukua mfungwa katika mji wa Juárez, Mexico, unarudi Marekani, unakwama katikati ya magari ya raia. Ndani ya baadhi ya magari hayo kuna vijana wenye bunduki. Kwa muda mrefu hakuna anayefyatua. Mpigapicha Roger Deakins anatubakiza sana ndani ya gari na Kate (aliyeigizwa na Emily Blunt), jasho na pumzi yake tunavisikia. Risasi zikianza, shughuli inakwisha ndani ya sekunde chache, halafu Kate anaona kwenye kioo cha pembeni mtu anamnyemelea, polisi wa Mexico aliyenunuliwa. Anamwahi. Baadaye anamvaa Graver waziwazi kwamba walichofanya ni kinyume cha sheria.

Huyo ndiye mnayemwita mzigo. Bila yeye, foleni ile ni mapigano mazuri tu. Yeye ndiye anayefanya kila maiti iwe na uzito, kwa sababu yupo mtu mmoja garini ambaye bado anashtuka.

Na si Kate peke yake. Filamu ile ilimpa nafasi Silvio, polisi wa Mexico anayesafirisha dawa za kulevya, ambaye mtoto wake anapenda mpira. Tunamwona asubuhi kwake, anakula, mtoto anamwita wakacheze. Alejandro anakuja kumuua kama mtu anayefunga mlango. Mwisho kabisa mtoto yuko uwanjani, milio ya bunduki inasikika mbali, mechi inasimama kidogo, kisha inaendelea. Mnaosema watu walifuata bunduki tu, niambieni kwa nini mwongozaji alichagua kumalizia pale.

Sasa njooni sehemu ya pili. Mwandishi ni yuleyule, Taylor Sheridan. Villeneuve hayupo, Deakins hayupo, kiti cha mwongozaji kakalia Mtaliano Stefano Sollima. Muziki kaandika Hildur Guðnadóttir, aliyepiga selo kwenye ile ya kwanza, na kazi yake haina kasoro. Sollima naye si mbabaishaji. Shambulio la msafara kwenye barabara ya vumbi ndani ya Mexico limepangwa kwa ustadi. Ufundi upo. Kinachokosekana ni dhamiri.

Ushahidi wangu mkubwa unatuhusu sisi huku. Mapema kwenye filamu Graver anamhoji mfungwa wa Kisomali, haramia anayedhaniwa kuwa na habari za magaidi. Anamwambia hapa ni Afrika, anaweza kufanya lolote atakalo. Kwenye skrini mfungwa anaonyeshwa nyumba ya ndugu yake, inatazamwa kutoka angani. Anakaa kimya. Graver anatoa amri, na nyumba inageuka moshi. Mfungwa anaanza kusema, hadithi inasonga mbele. Waliokuwa ndani ya nyumba ile hatuwaoni, hawana jina, hakuna anayewauliza hadi filamu inakwisha. Tunatakiwa tumwone Graver ni mwamba.

Katika filamu ya kwanza, Alejandro anaingia chumba cha mahojiano na chupa kubwa ya maji, na kamera inashuka hadi kwenye tundu la kutolea maji sakafuni. Hatuonyeshwi kilichofuata, na tunaumia. Hapa tunaonyeshwa watu wakiuawa na hatuumii, kwa sababu hakuna aliyewekwa chumbani aumie kwa niaba yetu.

Halafu suala la miswala. Filamu inafunguka kwa mtu kujilipua mpakani usiku, kisha askari wanakuta miswala imeachwa jangwani. Linafuata shambulio la dukani Kansas City, lenye mama na mtoto wake mlangoni. Vita vyote dhidi ya magenge yanayodhaniwa kuwavusha magaidi vinajengwa juu ya picha hizo mbili. Baadaye inaelezwa kwa mazungumzo mafupi kwamba baadhi ya washambuliaji walikuwa raia wa Marekani kutoka New Jersey, na basi. Mtazamaji Mwislamu amekwisha kutwishwa shutuma, na anayemsafisha anafanya hivyo kwa sentensi moja ofisini. Januari 2019 Rais Donald Trump alisambaza madai kwamba miswala inaokotwa mpakani. Sisemi aliyatoa kwenye filamu. Nasema picha ya namna ile si mchezo.

Mtanijibu kwamba mwisho Graver anabadilika: anaamriwa amuue Isabela Reyes, binti wa kigogo wa dawa za kulevya waliyemteka wenyewe, anakataa, anamchukua akiwa hai. Ni kweli. Lakini huruma hiyo imetoka wapi? Mtu aliyelipua nyumba bila kupepesa macho anamwonea huruma msichana mmoja, na filamu haimkumbushi hata mara moja alichokifanya Somalia. Kate angemkumbusha.

Na Alejandro je? Anafungwa kitambaa usoni, anapigwa risasi ya uso na kijana Miguel, anaachwa jangwani. Pale nilidhani wamepata ujasiri. Kumbe stelingi hafi. Anaamka, anaendesha gari, anawarushia guruneti wanaomfukuza. Aliyekuwa kivuli cha kutisha mwaka 2015 akawa shujaa wa kawaida.

Ipo sehemu moja ninayoipenda kwa dhati: Alejandro na Isabela wanafika kwa mkulima kiziwi jangwani, na Alejandro anazungumza naye kwa lugha ya ishara, kwa sababu binti yake aliyeuawa alikuwa kiziwi. Dakika chache tulivu, hakuna bunduki, na mtu anaonekana. Naye Miguel, kijana wa upande wa Texas anayeingizwa kidogokidogo kwenye biashara ya kuvusha watu, alitosha kubeba filamu nzima. Wakamfanya msindikizaji.

Wanaotaja mauzo nao nawasikia. Ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 85 duniani, ya pili kama milioni 75. Si hasara ya aibu, sawa. Lakini ya kwanza iliteuliwa Oscar tatu na bado watu wanabishana juu ya foleni ile. Ya pili wengi wanakumbuka guruneti.

Kwa hiyo mnaosema Kate alikuwa mzigo, nipeni jina. Katika filamu nzima ya pili, ni nani anayeuliza habari za waliokuwa ndani ya nyumba ile ya Somalia?