Tundu la chaji limejaa uchafu: sindano, kijiti, mswaki au kupuliza?

Bahari_Tanga
Wakuu, habari za leo. Simu yangu ni ya Type-C. Waya wa chaji hauingii mpaka mwisho, ukiguswa kidogo tu chaji inakata. Nimebadilisha waya na kichwa, hali ni ile ile. Nikimulika tochi naona kitu cha kijivu kimeganda kule ndani. Kila mtu ananishauri lake. Ipi inasafisha bila kuua simu?

FundiWaMtaani
Waya ukibaki nje hivyo, mara nyingi ni uchafu. Nyuzi za mfukoni zinaingia, na kila ukichomeka chaji unazishindilia. Mswaki mkavu unatoa vumbi la juu, hicho kilichoganda hautakiweza. Chukua kijiti cha meno cha mbao, kichonge kwa wembe kiwe bapa. Zima simu kabisa. Katikati ya Type-C kuna ulimi mwembamba wenye pini 12 juu na 12 chini, huo usiuguse. Telezesha kijiti kando ya ukuta wa tundu mpaka mwisho, kisha vuta taratibu. Unakokota, huchimbi.

MamaZai
Kijiti si kitakatikia ndani? Mimi natumia pini ya kutolea laini na simu yangu nzima mpaka leo.

FundiWaMtaani
Dada, kijiti hukatika ukikilazimisha. Chuma kinakwangua pini, au kinagusisha mbili kwa pamoja. Simu ikizimwa, betri bado ina umeme. Sindano na pini ya laini naziweka mwisho kabisa.

Nyali_Boy
Kwa wenye iPhone za kabla ya 15, yaani kabla ya 2023: tundu la Lightning halina ule ulimi wa katikati, kwa hiyo kijiti kinapata nafasi. Pini ziko upande mmoja, kwaruza upande wa pili. Kupuliza kwa mdomo naomba tuache, unapeleka mate ndani, na huku pwani unyevu tayari unatosha. Ile pampu ndogo ya mpira ya kusafishia kamera ni bora. Msiende kwa wanaojaza upepo matairi, kompresa yao hutoa maji na mafuta pamoja na upepo.

ZamuYaUsiku
Spiriti je? Ya kusafishia vidonda mara nyingi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji. Kwa nyuzi kavu haihitajiki kabisa. Ukiona ukijani kwenye pini, hiyo ni kutu. Tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 99, lowesha brashi laini kidogo tu, usimimine, kisha iache ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Bahari_Tanga
Kijiti kimefanya kazi! Kimetoka kitonge cha nyuzi za buluu, rangi ya jinzi yangu, na waya sasa unaingia mpaka unalia "tik". Ila nikiugeuza upande wa pili, chaji haiingii.

FundiWaMtaani
Kagua tena kwa tochi upande huo wa ulimi. Kama ni safi, huenda pini zimelika, hapo kusafisha hakusaidii. Kabla hujakubali bei ya fundi, muulize kama simu yako ina bodi ndogo ya chaji inayojitegemea. Android nyingi zinayo, na inabadilishwa bila kugusa bodi kubwa.