Uliwahi kunena na wanachuo maneno yakagonga ukuta? Tupeane uzoefu

Bwana asifiwe wapendwa. Nimealikwa tena kwenye ushirika wa wanafunzi wa chuo, na safari hii sitaki kurudia madudu ya mara ya kwanza. Naanza na yangu.

Nilibeba mahubiri ya Jumapili kama yalivyo, pointi saba. Kufika ya tatu nikamwona binti wa mstari wa mbele anaandika mfululizo, nikapata moto kweli kweli. Niliposhuka jukwaani na kupita karibu naye, nikachungulia: hesabu za matriksi, ukurasa mzima! Alikuwa anamalizia kazi ya kukabidhi kesho yake. Nami nikaendelea hadi saa na robo. Paulo naye alivuta maneno mpaka usiku wa manane kule Troa, Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20). Ila Paulo alishuka, na kijana akapatikana mzima. Mimi karama hiyo sina. Haya, nanyi yaliwakuta yapi?

Mchangiaji wa 2
Mtumishi, pole, umenichekesha. Yangu haichekeshi.

Nimekuwa mlezi wa wanafunzi muda mrefu, na majibu yangu nilikuwa nayo kichwani tayari. Siku moja, wakati wa maswali, kijana wa nyuma kabisa akasimama: "Kama Mungu anasikia, mbona wengine hawajibiwi?" Nikamjibu vizuri mno. Maandiko manne, mfano mmoja, watu wakasema amina. Akasema "asante" kwa adabu, akaketi. Hakuonekana tena ibadani. Baadaye nikaambiwa baba yake alizikwa wiki mbili kabla ya siku ile.

Tangu hapo, swali likija, nami nauliza kwanza: "Hili umelisoma mahali au limekukuta?" Rafiki zake Ayubu tunawasema sana, lakini walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua midomo.

Mchangiaji wa 3
Mimi nilikuwa upande wa kusikiliza, nimemaliza chuo juzijuzi. Wapendwa wanenaji, "ninyi vijana wa siku hizi" tumeichoka. Kila wiki uasherati na simu, simu na uasherati. Sikatai, yapo. Ila nilipofeli somo nikaambiwa nirudie, nilikaa wiki nzima sijawaambia wazazi, na hakuna mhubiri aliyewahi kuligusa jambo la kufeli.

Akaja mama mmoja, hana hata mbwembwe. Alifungua Danieli 1, nikajua tunarudi kwenye kukataa chakula cha mfalme. Wapi! Akasema: "Hawa walipangiwa miaka mitatu ya masomo, kwa lugha ya watu, tena wamebadilishwa na majina. Mnadhani hakuna siku walikaa macho na ukurasa hauingii?" Kisha akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyorudia mwaka, na alivyowadanganya nyumbani. Ukumbi ulinyamaza, si kwa usingizi. Foleni ya kuongea naye ilifika mlangoni, nami nilikuwemo.

Mchangiaji wa 4
Kifupi: nilitoa mfano wa chembe za urithi nilioutoa sijui wapi. Binti wa baiolojia akanyoosha mkono: "Samahani baba, haiko hivyo." Jasho! Nikamwomba aeleze yeye, akaeleza, nikamshukuru. Nilidhani heshima imekwenda na maji, kumbe ndiyo siku waliyouliza maswali mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi.

Sasa sisemi kitu cha fani yao kabla sijamuuliza mwenye fani. Paulo kule Athene alizunguka kwanza akivitazama vitu vyao vya ibada, akaiona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na aliponena akawanukulia mtunga mashairi wao (Matendo 17). Na bado wengine walimdhihaki, kwa hiyo wakikucheka usife moyo.

Mchangiaji wa 5
Naongeza moja: msiige maneno yao ya misimu. Nilijaribu, walicheka mahali ambapo sikuweka kichekesho 😂

Mwanzisha uzi
Nimewasoma wote. Nimempigia katibu wao kuuliza wiki hiyo wana nini, kaniambia wana mtihani Jumatatu asubuhi. Basi nimekata pointi sita, imebaki moja, dakika ishirini na tano, zinazobaki ni za maswali.

Mchangiaji wa 2, yule kijana ulimpata tena?

Mchangiaji wa 2
Nilimfuata bwenini. Nilimwambia nilikosea kumjibu vile. Akasogeza vitabu nikapata pa kukaa kitandani, kisha akafungua simu akanionyesha picha za baba yake, moja moja. Saa nzima. Dini hatukuigusa. Wakati naondoka akaniuliza ibada ya Ijumaa inaanza saa ngapi siku hizi.