Naomba ushauri: mbegu za duranta zinasuasua kuota

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Tanga mjini, upande wa Raskazone. Nataka kuotesha duranta kwa mbegu nizungushie ua mbele ya nyumba, ile yenye maua ya zambarau na vishada vya matunda ya njano.

Matunda niliyachuma yameiva, njano imekolea, nikayaminya kuondoa ile nyama inayonata hadi zikabaki kokwa ngumu. Nikaziosha, nikazianika kivulini mpaka zikakauka. Nimezisia kwenye makopo yenye mchanga na samadi iliyooza, chini ya kichanja cha makuti, na namwagilia asubuhi na jioni. Zimechomoza chache sana, tena kwa kupishana. Nyingine kimya, na udongo juu umeanza kufanya utando wa kijani. Vipandikizi najua huwahi, ila miche ya mbegu ndiyo niipendayo.

Kinachoninyima raha hasa ni watoto. Matunda haya yana sumu. Ndege wanayala salama, lakini mtoto akiyala yanaweza kumdhuru vibaya, na yalivyo ya kung'aa yanamwita kama peremende. Hapa nyumbani kuna mmoja ndiyo kwanza anatambaa, kila akiokotacho ni mdomoni.

Naomba kujua: kokwa zipandwe zikiwa mbichi, au zilizokauka zilowekwe kwanza? Na kwa wenye ua wa duranta, ukiupunguza mara kwa mara kabla haujachanua, matunda hayatoki kabisa, au bado machache hujificha ndani ya majani?