Kijana wangu ni kiraka kwenye besiboli, je, ana thamani kweli? Naomba ushauri

BabaEli_Ohio: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Ohio mwaka wa 11 sasa. Kijana wangu ana miaka 16, mashoto, anacheza besiboli shuleni. Kocha anamsifu kwa kujituma: hata akigonga kimpira cha hovyo anakimbilia besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha mpigaji, kama kafukuzwa na nyuki. Na ni kiraka haswa. Msimu huu kacheza besi ya pili, ya tatu, shotistopi (yule wa kati ya besi ya pili na ya tatu) na kule nyuma kote. Sasa kuna timu ya kusafiri majira ya joto inamtaka, ada dola 3,200. Kujituma na ukiraka vinatosha kumpa mchezaji thamani? Siku ya pili hii sijalala.

Mama Shufaa: Na shule je, Baba Eli? Wangu aliukimbilia mpira wa miguu Morogoro, leo goti bovu na cheti hana. Msomeshe kwanza.

Kitasa: Kiraka ndiye timu yenyewe! Mimi nilianza beki wa kulia, nikamalizia golini kipa alipoumwa tumbo. Tulipigwa 6, lakini dakika 90 nilizimaliza.

MdauWaBenchi: Anapigaje? Hujasema.

BabaEli_Ohio: Anajituma sana mkuu, makocha wote wanasema.

MdauWaBenchi: Nimeuliza rungu. Kasimama mara ngapi kupiga, kapata hiti ngapi, yaani mapigo ya kumfikisha besi?

BabaEli_Ohio: Mara 62, hiti 12. Lakini thamani si kupiga tu! Ben Zobrist alikuwa kiraka na akawa mchezaji bora wa World Series 2016, fainali ya ligi kuu ya Marekani. Halafu nusu ya ada nimeshalipa, hela ya kiwanja cha Kibaha. Mama yake hajui.

MdauWaBenchi: Kumbe. Sikiliza mkuu. Zobrist mwaka 2009 akiwa Tampa Bay alipiga homrani 27, yale mapigo ya kuzunguka besi zote, na kiwango chake cha kufika besi kilikuwa .405, yaani kama mara nne katika kila kumi. Mtu wa namna hiyo ukimhamisha popote, rungu linahama naye. Timu ya ligi kuu ina wachezaji 26, warushaji wakiwa 13 na wanaoanza 9, benchi hubaki watu 4, mmoja mdakaji wa akiba. Kiraka anapata kiti pale kwa sababu anaziba mapengo matatu peke yake. Ila ni kiti cha benchi. Pete Rose, yule waliyemwita Charlie Hustle, alikimbia hata akipewa besi ya bure baada ya mrushaji kukosea mipira minne, lakini anakumbukwa kwa hiti 4,256.

Mama Shufaa: Si ndiye aliyefungiwa 1989 kwa kamari? Mnaona sasa. Malezi kwanza.

JichoLaTatu: Hii ni chai. Mashoto hapangwi shotistopi wala besi ya tatu. Akidaka lazima ageuze mwili ndipo atupe besi ya kwanza, mkimbiaji keshafika. Nimecheza Dar pale Azania, najua.

Kitasa: Duh! Tumeshaingia kingi.

BabaEli_Ohio: Anapiga kwa kushoto, anatupa kwa kulia! Nimtungie mwanangu uongo ili iweje?

JichoLaTatu: Hapo nimekuelewa, nisamehe mkuu. Na akipiga kwa kushoto yuko hatua moja karibu na besi ya kwanza, ni faida.

Kitasa: Mimi bado nataka kuona risiti ya kiwanja.

MdauWaBenchi: Kabla hujamalizia ile nusu, muulize kijana kitu kimoja: amepewa besi kwa mipira minne mibovu mara ngapi? Mwenye hiti 12 anaweza kuokolewa na jicho la kuiacha mipira mibovu.

BabaEli_Ohio: Nimemuuliza. Mara 4 tu. Anasema kila mpira anaurukia, maana akisubiri anaona kama hajitumi. Mama yake alikuwa mlangoni, kasikia yote, na la kiwanja pia.