Naomba ushauri: mchekeshaji wa kike na mambo ya chumbani

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mchekeshaji wa kike, nasimama jukwaani peke yangu na maiki, huu mwaka wa pili. Nina kipande cha dakika 4 kuhusu usiku wa kwanza wa tendo la ndoa baada ya kujifungua: mume anapapasa gizani, titi linavuja maziwa, mtoto anakohoa. Matusi hakuna, ni mambo ya chumbani tu.

Wanawake wanacheka hadi wanafuta machozi, lakini wanaume wa meza za mbele wanainamia simu. Wiki iliyopita mwandaaji aliniambia nikikate, eti mwanamke hapendezi kusema hayo. Aliyenitangulia, mwanaume, alimaliza dakika 10 nzima akiongelea maungo ya mkewe, akapigiwa makofi. Iliniuma sana.

Nimejaribu kutumia mafumbo, kicheko kikapoa. Nimekihamishia mwisho, nikaona nafuu kidogo. Nimewatazama pia wachekeshaji wakongwe wa kike wa Marekani: Moms Mabley alivaa kama bibi kizee, gauni la nyumbani na kofia iliyolegea, kisha akaeleza anavyowatamani vijana. Ali Wong alirekodi onyesho lake la 2016 akiwa na mimba kubwa. Kila mmoja alipata mlango wake. Wangu sijauona.

Kwa mliowahi kupanda jukwaani: mnaifunguaje mada ya chumbani bila ukumbi kununa? Na mwandaaji akisema kata, mnakata au mnaliacha onyesho lake?