Mkristo kumwita mtoto Juma kuna shida gani wadau?

Msukuma_halisi:
Habari za saa hizi wakuu. Wife kajifungua juzi dume la nguvu, sasa kwetu mtoto wa kwanza anarithi jina la babu, na mzee wangu anaitwa Juma kwa sababu alizaliwa Ijumaa, basi, huo ndo uislamu wake wote, jumuiya yetu ya kanisani yeye ndo mwenyekiti mpaka leo. Ukweni wamekuja juu. Mama mkwe anasema hambebi mjukuu mwenye jina la kiislamu, anataka Brayan. Kadi ya kliniki pale kwenye jina bado peupe. Nipeni hoja jamani maana jioni kuna kikao.

binti_wa_Pangani:
Hongera kaka. Mi ni mwislamu na nakwambia hata huku kwetu watu wanachanganya jina la kiarabu na jina la kiislamu. Umar na Khalid walikuwa na majina hayohayo kabla hawajasilimu na hawakubadilishiwa, Mtume alibadilisha yenye maana mbaya, kuna binti aliitwa 'Aasiya yaani muasi akamwita Jamila. Alafu mbona nyie mna kina Neema, Baraka, Imani, Rehema, yote hayo kiarabu kitupu na hakuna padri anayekataa kubatiza. Waarabu wakristo wapo kibao, yule Boutros Boutros-Ghali wa Umoja wa Mataifa alikuwa Mkopti, yaani mkristo wa kanisa la kale la Misri, na Boutros ndo Petro huyohuyo.

Katekista mstaafu:
Sheria ya Kanisa ya 1983 kanuni ya 855 inasema wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisiloendana na hisia za Kikristo. Basi. Siku ya wiki inapingana na imani wapi? Mbatize Yohane Juma mmalize kikao mapema.

Mzee wa kazi:
Mnamdanganya kijana. Maana ya jina ni kitu kimoja na jamii inavyolisikia ni kitu kingine. Mi mkristo naitwa Rajabu, shule ya msingi kila siku ya kipindi cha dini mwalimu mpya ananitoa niende kwa ustadhi, nabishana wenzangu wanacheka, na mpaka leo kwenye misiba natengewa chakula pembeni na waislamu. Sio mwisho wa dunia ila inachosha, mtoto ndo atabeba sio wewe.

Jaduong wa Busia:
Hiyo ni shida ya huko kwenu tu bana. Huku magharibi mwa Kenya Juma ni Mluhya wa kanisa na hakuna mtu anauliza. Sisi Wajaluo jina ni saa ya kuzaliwa, Otieno usiku, Akinyi asubuhi, mvua ikinyesha ni Okoth, mapacha Opiyo anatangulia Odongo anafuata, na ukiwa Otieno unaweza kuwa SDA, yaani Msabato, ama mwislamu wa Kendu Bay. Ghana nao ni siku. Kofi Annan alizaliwa Ijumaa 8 Aprili 1938 na pacha wake Efua, Kofi ni mwanaume wa Ijumaa na lile jina lake la kati, Atta, ni pacha. Kwa hivyo Kofi ni Juma wa Ghana tu, na alikuwa mkristo.

binti_wa_Pangani:
@Mzee wa kazi pole ila kosa ni la mwalimu, angeuliza. Kulwa na Doto ni majina ya kisukuma na huku Tanga mapacha wa kiislamu wanaitwa hivyo, hakuna anayewapeleka kwa mganga wa Shinyanga.

Msukuma_halisi:
Nimewasoma wakuu. Ya Kofi nakwenda nayo. Halafu @binti_wa_Pangani umenifumbua macho, mama mkwe wangu mwenyewe anaitwa Rehema 😂

Katekista mstaafu:
Hilo usilitaje kikaoni. Subiri ubatizo upite.

Mzee wa kazi:
Na mahari kama hujamaliza usilitaje kabisa.